Je, vita vya Luwero vinaweza kuandikiwa filamu ya mapenzi ya kuchekesha?

Mwalimu wa Jinja:
Ndugu zangu, nimetazama The Last of the Blonde Bombshells, filamu ya televisheni ya mwaka 2000, ambamo Judi Dench ni mjane anayewatafuta wenzake waliopiga naye muziki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Bendi ilijulikana kuwa ya wanawake watupu, kumbe mpiga ngoma, anayeigizwa na Ian Holm, alikuwa mwanamume aliyevaa gauni ili asipelekwe vitani. Nilicheka sana. Je, kichekesho cha namna hiyo kingeweza kuandikwa kuhusu vita vya msituni vya Luwero, hapa Uganda, vya 1981 hadi 1986 bila kuwatonesha watu vidonda?

Mkazi wa Masaka:
Mwalimu, mimi nisingethubutu. Wahusika wa filamu hiyo ni wazee wanaokumbuka mambo yaliyopita zaidi ya nusu karne, ilhali Luwero wangali wapo akina mama wasiojua watoto wao walizikwa wapi. Afadhali urudi nyuma hadi enzi za KAR (King's African Rifles), jeshi la wakoloni Waingereza la Afrika Mashariki, ambalo kikosi chake cha nne, cha Uganda, kilipigana Burma mwaka 1944. Barua ya askari ilipitia kwanza mikononi mwa mkaguzi wa jeshi, na ikifika kijijini kwa mchumba asiyejua kusoma, ilibidi asomewe na mtu mwingine, pengine katekista. Sasa tuseme katekista huyo naye anampenda binti yuleyule: atayasoma maneno matamu ya mwenzake kama yalivyo, au atayapunguza sukari? Na jibu ataliandika yeye vilevile!

Mpenda Sinema, Kampala:
Wazo la barua ni zuri, tena halihitaji bunduki hata moja, bali baraza, benchi na waigizaji watatu wazuri, jambo ambalo bajeti za televisheni zetu zinaliweza. Ila nina neno moja. Mpiga ngoma yule, kwa maoni yangu, alisamehewa upesi mno, kwa kuwa ni mcheshi na wanawake wanampenda, wala hakuna anayemuuliza kwa uzito kuhusu vijana waliokwenda vitani yeye alipobaki. Mwalimu, ukiandika, mrudishe yule askari kutoka Burma akiwa hai, akae kwenye benchi lilelile, na amwombe katekista amsomee majibu yote aliyoandikiwa.