Naombeni ushauri, kompyuta ya mezani imegoma kuwaka baada ya kuitoa vumbi

Wakuu habarini, jana nilifungua kompyuta yangu nikaitoa vumbi kwa brashi na blowa, nikachomoa ramu zote mbili nikazifuta nikarudisha. Sasa nikiwasha feni zinazunguka kama sekunde 3 hivi inazima, inawaka tena yenyewe, inazima, skrini nyeusi tu na wala haitoi mlio wowote.

Nimejaribu ramu moja moja kwenye kila sloti, nimetoa betri ya madabodi dakika 10, bado. Ule waya wa pini 4 unaopeleka umeme kwenye prosesa ulikuwa umelegea nikaukandamiza mpaka ukalia tik, lakini wapi.

Itakuwa pawa saplai au ndo nimeunguza madabodi kwa umeme tuli? Nianze kupima nini kabla sijanunua kitu, kazi zangu zote zimo humo hata usingizi sipati.