Yule mheshimiwa wa suruali ya njano leo kaniita KEDI

Wakuu, naandika nikiwa bado pale pa kubadilishia viatu, vidole vinatetemeka hadi nakosea herufi. Kuniita mimi kedi, mbeba mkoba wa fimbo za wacheza gofu! Simtaji. Mnaocheza pale wote mnamjua: suruali rangi ya embe lililoiva likapitiliza, kigari chenye spika, mkoba una fimbo 14 maana sheria ndiyo imemfungia hapo, na anazotumia ni mbili, ya kupigia na ya kuegemea.

Mtu natoka Mbagala saa kumi alfajiri niuwahi umande. Asubuhi pale, jua halijachachamaa, ni raha nyingine kabisa. Upepo wa bahari unapuliza, grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, imekatwa leoleo mpira unateleza kama kwenye vigae, husikii kitu ila kunguru na ule mlio wa "tak". Sina makuu mimi. Nipe grini iliyotunzwa, kivuli cha mwembe nikisubiri zamu, na watu wa mbele wanaotembea. Wanaotembea, jamani!

Leo mbele yetu yeye. Anapiga hewa mara 11 kabla ya kugusa mpira. Sheria inashauri sekunde 40. Huyu ungebandika maharage yakaiva. Mpira ukimpotelea majanini, dakika 3 za kuutafuta kwake ni nusu saa, sisi nyuma tumepanga foleni kama abiria wa mwendokasi Kimara. Akitoka kwenye mchanga anaacha mashimo utadhani limepita kundi la ng'ombe, na reki iko hapohapo miguuni. Tukamuomba tupite. Akasema, "Aah, njooni tucheze wote." Nikakubali. Hapo ndipo nilipojiroga.

Shimo la saba, la pigo nne. Nimefika grini kwa mbili. Mpira umekaa hatua mbili tu kutoka shimoni. Miaka minne nacheza sijawahi kulimaliza shimo lile kwa tatu! Nimechuchumaa nasoma mteremko, kimya, hata kunguru wamenyamaza. Simu yake ikalia. Akaweka spika: "NIKO GOFU!" Huku anatembea juu ya njia ya mpira wangu na viatu vya meno, krapu krapu krapu. Akasimama, akaninyooshea kidole:

"We kedi, shika bendera hapo."

Kedi. Mimi. Mwanachama, niliyeuza bajaji nikalipa kiingilio. Na tangu 2019 bendera unaruhusiwa kuiacha humohumo shimoni, hakuna haja ya mtu kuishika! "We kedi." Hata "samahani" hakuna. Nikapiga, mpira ukapita kushoto.

"We kedi"!!

Nawasilisha.

PilipiliKichaa: Pole sana mkuu. Swali dogo tu: bendera ulishika?

Mleta mada: Hilo siyo la msingi.

PilipiliKichaa: Kashika 😂😂😂

MzeeWaKahawa: Kijana, ulikuwa umevaaje?

Mleta mada: Fulana ya kola, safi, imepigwa pasi. Na kofia.

MzeeWaKahawa: Kofia gani?

Mleta mada: Ya kampeni. Lakini haijapauka.

JogooWaTegeta: Nimefunga kesi. Mheshimiwa hana kosa, hata mimi ningekukabidhi mkoba.

MbebaFimbo: Mimi ni kedi, mwaka wa tisa huu. Uzi mzima "kedi, kedi" kama umeitwa mwizi wa kuku. Unausifia uwanja mtamu, unadhani utamu unaota wenyewe? Nyasi mnazong'oa na fimbo nani anazirudishia? Vile vidonda mipira yenu inavyoacha kwenye grini nani anaviziba? Chako cha shimo la tano nimekiziba mimi leo saa mbili. Na ile pati, lile pigo lako la kuingiza shimoni, usimsingizie mtu, uliisoma vibaya. Pale inakunja kushoto, ulitakiwa ulenge kulia.

Mleta mada: We nani?

MbebaFimbo: Ni mimi niliyekuwa namwambia mheshimiwa akanyage pembeni. Hanisikii, yuko spika. Halafu ile elfu tano aliyokupa ya kushika bendera, kihalali ni yangu.

PilipiliKichaa: ALIPEWA ELFU TANO????

Mleta mada: Alinichomekea mfukoni. Sikutaka kuzozana mbele za watu.

JogooWaTegeta: Kumbe ni uzi wa mtu aliyelipwa. Mods, uhamishieni jukwaa la ajira.

BintiWaKigamboni: Hawa wa spika hawa!! Jana kwenye pantoni mama mmoja kaongea na mumewe spika kutoka Magogoni mpaka tunashuka ng'ambo. Tumejua deni la vikoba, tumejua mdogo mtu kakimbia na friji. Pantoni nzima tukawa tunachangia ushauri.

JogooWaTegeta: Friji lilipatikana?

BintiWaKigamboni: Tulifika kabla hajajibu. Sijalala vizuri.

MzeeWaKahawa: Nyie mnalilia grini. Enzi zetu viwanja vingi huku Afrika Mashariki hiyo nyasi unaisikia tu. Ilikuwa mchanga uliochanganywa na oili, unausawazisha kwanza ndipo upige, ukirudi nyumbani soksi nyeusi. Na tulifurahi. Aliyekuwa akitusumbua ni kunguru, anashuka anabeba mpira anapaa nao.

JogooWaTegeta: Sasa akibeba unafanyaje, unamfuata?

MbebaFimbo: Unaweka mwingine palepale ulipokuwa. Hakuna adhabu.

MlaChangu: Msinitajie kunguru. Juzi natoka Feri na changu wangu kwenye mfuko, nimeuweka juu ya pikipiki nihesabu chenji, nageuka hivi, kichwa kimeondoka. Kichwa, ambacho ndiyo mchuzi wenyewe! Hao walipelekwa Zanzibar na Waingereza miaka ya 1890 eti wale takataka. Sasa wanachagua kitoweo.

BintiWaKigamboni: Mimi vitumbua. Vitatu, vya moto, kwenye sahani, nimegeuka kuchukua chai.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada basi. Mtu kaniita kedi.

JogooWaTegeta: Mada ni kunguru, mkuu. Wewe elfu tano yako si unayo?

MbebaFimbo: Yangu.

BintiWaKigamboni: @MlaChangu kwani changu Feri sasa hivi bei gani? Huku kwetu wanatunyonga.