Tumbawe la ngozi limejifunga siku ya nne, juu linang'aa

pweza_mdogo:
Wakuu, habari. Kwenye tangi langu la samaki wa maji ya chumvi nina Sarcophyton, lile tumbawe la ngozi lenye umbo la uyoga. Kawaida taa zikiwaka tu linachomoza polipi zote (vile vimdomo vyenye vinyweleo juu ya kichwa). Sasa limenywea, kingo zimejikunja na juu kuna utando unaong'aa. Vipimo: chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu), joto nyuzi 25, naitreti sifuri, fosfeti sifuri. Samaki wako sawa. Zoanthus, wale wadogo kama vifungo walio jirani na tumbawe hilo, nao wameanza kufumba. Nilipandishe karibu na taa? Au niweke ayodini?

mkondo_mkali:
Usiliguse, na ayodini ibaki kwenye chupa. Hilo linajivua. Linatoa utando wa nta ili liondoe mwani na uchafu uliolitua, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa, pengine hata wiki mbili. Ukilihamisha sasa utalichelewesha tu. Linachotaka ni mkondo: geuza pampu maji yapite juu ya kichwa kwa kuyumbayumba, yasilipige usoni. Utando ukianza kuachia kingoni, upulize taratibu kwa bomba la kulishia. Kucha usitie.

Mimi zinanitia shaka hizo sifuri unazojivunia. Tumbawe laini linaishi kwa mwani mdogo uliomo ndani ya nyama yake, na mwani huo unahitaji naitrojeni na fosforasi, ambazo huzipata kwenye naitreti na fosfeti. Maji yaliyosafishwa kupita kiasi ni njaa. Kwangu naitreti huwa kati ya 5 na 10 mg/l, fosfeti kama 0.05, na polipi zinanona.

mzee_wa_chumvi:
Naongezea kuhusu jirani. Haya ya ngozi hayana mikono mirefu ya kuchoma, silaha yao ni kemikali wanazoachia majini. Lina umbali gani na hao Zoanthus?

pweza_mdogo:
Vidole vinne hivi, mzee. Na mkondo unatoka kwake kwenda kwao.

mzee_wa_chumvi:
Basi ndiyo hiyo. Weka mfuko wa kaboni (mkaa wa kuchujia kemikali) mahali maji yanapopita kwa nguvu, uibadilishe mara kwa mara maana hujaa. Wanaohama ni Zoanthus, si mgonjwa. Vaa glavu na miwani: baadhi ya jamaa zao, hasa Palythoa, wana palitoksini, sumu kali, na kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Jiwe lao usilichemshe wala kulimwagia maji ya moto. Kuna watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake.

pweza_mdogo:
Duh, hilo la mvuke sikulijua. Kaboni nimeweka, pampu nimegeuza. Mashine ya kuengua povu, ile inayotoa uchafu majini, niizime ili maji yasizidi kuwa safi?

mkondo_mkali:
Usiizime kabisa, inaingiza hewa. Ipunguze makali na uongeze kidogo chakula cha samaki, kisha pima tena baada ya wiki. Kioo kikianza kuota ukungu wa kijani wa kufuta kila baada ya siku mbili tatu, usikichukie, hapo ndipo tunapotaka ufike.