Bobby wa 9-1-1: alikuwa na haki ya kumficha mkewe Athena ukweli?

Zuhura wa Tanga
Juzi nimemaliza msimu wa 8 wa 9-1-1, ile tamthilia ya Marekani ya waokoaji, sehemu ya 15, ile iliyorushwa kwenye televisheni ya ABC tarehe 17 Aprili 2025. Ambaye hajafika huko asisome. Maabara imeungua Los Angeles, watu wa kikosi cha zimamoto cha 118 wamefungiwa ndani na kirusi, dawa imepatikana dozi moja. Kapteni Bobby anamwachia mwenzake Chimney, wala hasemi kwamba kifaa chake cha kupumulia kimepasuka na yeye kaambukizwa. Athena anakuja kuagana naye kioo kikiwa katikati. Alikuwa na haki? Mimi nasema hapana. Mke si mtu wa kuambiwa mwisho.

Abuu Likoni
Angesema, Chimney angekubali kuchomwa sindano? Wangesukumiana ile dozi mpaka wafe wote wawili. Dada, ungependa mumeo amwache mwenzake afe ili yeye akuage vizuri?

Zuhura wa Tanga
Mume wangu usimguse. Nimefiwa mwaka juzi. Aliumwa miezi minne akinificha, nikaambiwa na daktari. Ninachosema nakijua.

Abuu Likoni
Nisamehe dada. Pole sana, Mungu amrehemu.

Kibo25
Mimi nilizima pale walipoleta Ebola. Magonjwa yote ya kutisha lazima yatoke Congo.

Mwana Bukavu
Yote? Kwanza hiyo si Ebola, ni homa ya Crimea na Congo. Kule Crimea, kwenye Bahari Nyeusi, iliwashika askari mwaka 1944, wakati wa vita. Kwetu kirusi kilipatikana kwa mgonjwa mwaka 1956. Baadaye wakagundua ni kitu kimoja, wakaunganisha majina. Nyinyi mnakata la mbele mnabakiza letu. Nikivuka mpaka kumwona shangazi napimwa joto mara mbili, aliye nyuma yangu mara moja, kwa ajili ya pasipoti tu. Inauma, kaka.

Kibo25
Nimesema magonjwa, sikusema watu. Na homa ya Marburg je? Si ya huko huko?

Mwana Bukavu
Marburg ni mji wa Ujerumani! 1967, wafanyakazi wa maabara waliambukizwa na tumbili.

Mganga wa Mifugo, Mbarara
Na tumbili hao walitoka kwetu Uganda, tuseme yote. Ndugu zangu, hii homa ya Crimea na Congo tunaishi nayo huku kwa wafugaji. Inaletwa na kupe, na damu ya mnyama wakati wa kuchinja. Ng'ombe mwenyewe humwoni akiumwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Cha kwenye tamthilia ni kirusi cha maabara; chetu kiko zizini.

Abuu Likoni
Turudi kwa Bobby. Kumbukeni, kwenye tamthilia, kule Minnesota alikoishi zamani moto uliua watu 148, wakiwemo mkewe wa kwanza na watoto wake wawili, na chanzo ni hita yake. Yule alibeba deni. Chimney ana mke na mtoto. Bobby asingeweza kuishi na kifo kingine.

Zuhura wa Tanga
Hapo ndipo unaponipa haki, Abuu. Ile hita ilikuwa kwenye chumba alichokuwa akijifichia kunywa pombe. Alificha, watu 148 wakafa. Yeye kuliko mtu yeyote alipaswa kujua siri inavyoua. Dozi ampe Chimney, sikatai. Lakini Athena angepata saa mbili za kumjua mumewe anakufa, si dakika za kioo.

Kibo25
Mwana Bukavu, samahani, nilisema vibaya. Daktari, mjomba wangu Singida huwaminya kupe kwa kucha kila jioni. Afanye nini?

Mganga wa Mifugo, Mbarara
Aache leo hii. Avae glavu, amtoe kupe kwa kibano akimshika karibu na ngozi, asimpasue, kisha anawe kwa sabuni. Akipata homa ya ghafla aende hospitali na aseme anafuga.