Mdogo wangu kashinda u-miss ila ana meno ya kahawia, afanye mradi wa maji ya floraidi au aende tu kituo cha yatima?

DadaMkubwa_Usa

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nina mdogo wangu wa mwisho yupo chuo hapa hapa Arusha, majuzi kachukua u-miss wa chuo chao, kapewa taji, hela kidogo na ofa ya saluni mwaka mzima. Sasa taji lenyewe lina masharti, anatakiwa awe na mradi wa jamii mpaka siku atakayomvisha mwenzake, na akitaka kupanda ngazi za juu si mnajua, majaji wanaanzia hapo hapo, umefanya nini na taji lako.

Yeye anataka maji. Sisi tumezaliwa upande wa Maji ya Chai huku Arumeru, maji ya kule yana floraidi nyingi, yale madini yanayoharibu rangi ya meno, na mnajua watoto wa kule meno yetu yalivyo, yake ni ya kahawia haswa, mawili ya mbele yana na vishimo kabisa, na siku ya shindano alikuwa anacheka mdomo wazi wala hana habari. Picha zilivyowekwa mtandaoni watu wakaanza, mara miss anavuta ugoro, mara hivi kamati haikuona wengine. Nilijua atalia. Akaniambia dada, mwaka huu nazunguka na meno haya haya nawaeleza watu yametoka wapi.

Shida ni wanaomsimamia. Wanasema habari za meno zitamshushia hadhi, eti kwanza akayasafishe kwa daktari kabla ya ngazi inayofuata, halafu achague kitu kisicho na maneno kama yatima au taulo za kike, wabebe biskuti na sabuni, wapige picha, imeisha hiyo. Na mama nae kawaunga mkono, anasema mtoto wa kike hatangazi kasoro yake. Mimi nipo katikati hata sielewi. Mngemshauri nini? Na kama ni maji kweli, mtu asiye na hela anaanzia wapi? Matusi sitaki tafadhali.

Chalii_wa_Unga

Kwanza hongera kwa bi mdogo. Pili hao wanaosema ugoro watakuwa wa kuja hao, chalii wa Arusha hawezi kushangaa meno ya kahawia, mimi nilivyoenda Dar kutafuta maisha nilikuwa nikicheka tu kondakta ananiuliza wewe wa Arusha eeh, yaani kitambulisho cha nini. Mwambie asiyaguse.

MamaLezi_Njiro

Mleta mada nimefanya kazi ya ulezi kwenye kituo cha watoto miaka mingi tu, kituo sikitaji, niwaambie inavyokuwaga. Wanakuja Jumamosi na gari mbili, mamiss au wafanyakazi wa kampuni fulani, tunawaogesha watoto asubuhi na mapema, tunawavalisha zile nguo nzuri za kabatini, wanapangwa mstari, wanaimba ule wimbo wa karibuni wageni. Wanakabidhiwa katoni za biskuti na miche ya sabuni. Mtoto anabebwa, anapigwa picha, anashushwa, anabebwa mwingine. Saa nane wameondoka na kuna katoto kamoja kalikuwa kananiuliza wiki nzima yule anti mrefu anarudi lini, utamjibu nini sasa. Disemba tunapokea biskuti mpaka tunazigawa kwa majirani, Februari ada na madaftari hakuna hata mtu wa kugonga geti.

Halafu hizo picha siku hizi sio mchezo, tuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, huwezi kumrusha mtoto wa watu mtandaoni bila ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Wanaomsimamia mdogo wako hilo sidhani kama walishaliwaza.

Sisemi yatima wasisaidiwe, wasaidiwe sana tu! Ila kama moyo wake uko kwenye maji kwa nini mnamvuta huku?

KibosoOriginal

Naandika kutoka Moshi. Mimi niko tofauti kidogo na hapo juu, taulo za kike msizichukulie poa, serikali ilitoa VAT kwenye pedi 2018 bei madukani ikagoma kushuka, 2019 ikairudisha, na kuna mabinti huku Mabogini mpaka leo wakiwa kwenye siku zao shule hawaonekani. Kwa hiyo akichagua hilo nalo ni kazi ya maana, mradi sio ya siku moja.

Ila nakubali mtu anafika mbali na kitu kinachomhusu mwenyewe. Angalieni Flaviana Matata, Miss Universe 2007 aliingia kumi bora kule Mexico, mama yake alikufa kwenye MV Bukoba 1996 yeye bado mdogo, na taasisi yake ni elimu ya wasichana, tangu 2011 kakomaa na hilo hilo, taji alishalivua zamani. Na huyu Miss World wa 2025, Opal wa Thailand, alitolewa uvimbe kwenye titi akiwa na miaka 16, kampeni yake ikawa saratani ya matiti. Sasa huyo alitangaza kasoro au alifanya nini? Muulizeni mama. Na kwa Miss World mradi wa jamii sio nyongeza, kipengele kipo tangu 1972.

Huku kwetu angekuwa miss ningemwambia aende hospitali ya KCMC, wanatengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ndugu zetu wenye ualbino, wanakosa tu watu wa kuyasemea vijijini. Ila huyo wa kwenu ana la kwake, mwacheni.

Meno32

Nipo kwenye fani ya kinywa na meno, ngoja nichangie kwa faida ya wengi maana naona tunazungumzia sura tu.

Floraidi inaharibu jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya fizi. Mtoto akishafika miaka minane hivi meno yake ya ukubwani yale ya mbele yameshakamilika, hata umpe maji ya namna gani rangi haibadiliki. Kwa hiyo mdogo wako akienda sekondari kuhubiri maji safi atapigiwa makofi sana lakini kwa upande wa meno wale treni imeshawaacha, kinachobaki kwao ni mifupa, kwa sababu maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi yanafika mpaka huko, ndio mnaona watoto wa maeneo fulani ya Arumeru miguu imepinda. Aende kliniki ya mama na mtoto, aende chekechea, aongee na mama mwenye mtoto wa miezi sita anayeanza uji. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, balaa linaanza kwenye maji ya huo uji.

Na kuna kitu kina mama wengi hawaambiwi, KUCHEMSHA HAKUTOI FLORAIDI. Unaua vijidudu sawa, ila maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki humo humo, inakuwa kali zaidi. Na magadi je? Makande ya magadi, kiburu cha magadi, haya magadi ya huku kwetu mengi yamejaa floraidi, mtu anahangaika na maji halafu anaitupia kwenye chungu kwa mkono wake.

Kuhusu kusafisha, rangi iko ndani ya jino sio uchafu, kupiga mswaki na chumvi haitoki, kuna matibabu ila sio ya bei ya wanafunzi. Akitaka baadae afanye ni meno yake. Ila kwa mwaka huu hayo meno ndio yatamfungulia kila mlango, mama wa Maji ya Chai akimuona miss mwenye meno kama ya mwanae atamsikiliza kuliko mimi na koti langu jeupe.

Mzee_Tengeru

Wajukuu mnaongea vizuri leo. Mimi nimeona miradi ya floraidi ikija na kuondoka huku Meru, Ngurdoto pale kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi miaka mingi. Njia yao ni makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru hewa ikiwa kidogo, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye ndoo, maji yanapita humo. Inafanya kazi. Lakini makaa yanachoka, na yakichoka huoni kwa macho wala huonji, maji ni meupe yale yale. Sasa wafadhili wanagawa ndoo, wanapigwa picha kama alivyosema huyo mama wa Njiro, mwaka unaofuata ndoo inahifadhia unga.

Huyo binti asigawe kitu. Achague shule moja ya msingi yenye chekechea, MOJA, akae nayo mwaka wote. Maji ya mvua hayana hii shida, paa la bati lipo, kinachotakiwa ni gata na simtank, masika ikikukuta umeshafunga watoto wana maji ya kunywa na ya uji. Aanze na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji, barua ya kibali ipite kwa mkurugenzi wa halmashauri, asihangaike kusajili asasi kwa jambo la mwaka mmoja, pesa ipite kwenye kamati ya shule wazazi wakiona. Hao wanaomsimamia kama wanajua wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wakaombe tanki, hiyo ndio kazi yao.

Na msije mkaambiwa mradi mkubwa wa maji wa bilioni 520 umeshamaliza kila kitu. Umesaidia mjini sana, lakini kuna vijiji bado vinachota kwenye visima vyao vile vile, kapimeni kwanza maji ya shule yenyewe. Kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita.

DadaMkubwa_Usa

Nimewasomea mama na mdogo wangu uzi wote mezani, mama kwenye magadi alinyamaza kidogo halafu akasema kwani nyie watatu wote mmelelewa na hayo magadi au na mimi 😂 ila ya Opal imemgusa, kasema basi afanye lakini taji asivae kwenye kampeni, sijui kwa nini ila tumekubali.

Dogo tayari ana shule kichwani, ile aliyosoma yeye, ina chekechea na paa lake refu tu. Jumatatu anaenda kwa mwalimu mkuu na chupa ya kubebea maji ya kupima. Wanaomsimamia bado wamenuna, watajua wenyewe. @Meno32 naomba uje PM, anataka mtu wa kwenda nae kliniki hata mara moja kwa mwezi maana yeye anasoma biashara, akiulizwa swali la kitaalamu atakwama. @Mzee_Tengeru shikamoo, gata za bati na za plastiki zipi zinadumu?

Mzee_Tengeru

Marahaba. Plastiki, ila msinunue zile nyembamba. Na mwambieni fundi aweke bomba la kumwaga maji ya mvua ya kwanza, yale yanaosha vumbi na mavi ya ndege.

Chalii_wa_Unga

Mimi ni fundi bomba jamani, nipo Unga Limited, siku ya kufunga nitakuja bure, mnipe nauli ya kifodi tu na makande yasiyo na magadi.