Al-Razi alijuaje kama ndui na surua ni magonjwa mawili?

nesi_wa_arua
Jamani habarini. Mi nasomea unesi hapa Arua, tutor ametutajia al-Razi, yule daktari wa Uajemi wa zamani, akasema aliandika kitabu cha ndui na surua alafu akaendelea na mambo mengine. Sasa mtu hana maikroskopu hana maabara, alitofautishaje? Maana hata leo mtoto akitoka vipele hapa mtaani kila jirani anasema lake.

mzee_wa_kliniki
Binti yangu, aliwaangalia wagonjwa kwa makini na akaandika alichoona. Alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, karne ya 9, akasimamia hospitali hapo kwao na nyingine Baghdad, kwa hio wagonjwa walipita mikononi mwake wengi sana. Anasema ndui inakuja na homa na mgongo unauma vibaya, lakini kwa surua mgongo hausumbui hivyo, kinachozidi ni kichefuchefu na mtu kukosa utulivu. Na hizo ni dalili za mwanzo jamani, vipele bado! Mimi nimekaa na watoto wa surua miaka mingi na mtu kama huyo namvulia kofia.

juma_jinja
Kweli mzee ila chanzo alikikosea. Alidhani damu ya mtoto inachachuka ikikomaa, kama maji ya zabibu yanavyogeuka mvinyo (huku tungesema kama tonto, pombe ya ndizi), ndo maana akaona karibu kila mtoto lazima ndui impitie. Virusi wakati huo nani angevijua.

mzee_wa_kliniki
Sawa Juma, lakini angalia alivyokua anafanya kazi. Wagonjwa walioonyesha dalili za homa ya utando wa ubongo, aliwatoa damu kundi moja, jingine akaliacha makusudi aone tofauti. Kutoa damu tumeshaacha, kulinganisha makundi ndo tunafanya mpaka kesho. Na Galen, daktari wa Kigiriki wa kale aliyemwita mwalimu wake, alimuandikia kitabu kizima cha mashaka, pale alipoona maneno ya Galen hayafanani na wagonjwa wake.

nesi_wa_arua
Asante sana wazee wangu. Nianze na kitabu gani?

juma_jinja
Al-Hawi, kile kitabu chake cha tiba, achana nayo kwanza dada, ni kubwa mno, ni daftari zake zilikusanywa akishafariki, ikatafsiriwa kwa Kilatini 1279. Anza na hicho cha ndui na surua, ni kifupi, daktari Mwingereza Greenhill alikitoa kwa Kiingereza 1848 na kwenye intaneti unakipata bure.