Re: Disatesheni ya kriminolojia, nianzie wapi? (Uingereza)

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Niko mwaka wa mwisho kriminolojia, sasa ni zamu ya disatesheni, maneno 10,000, na mimi nilitaka niwahoji wafungwa wenye asili ya Afrika Mashariki, supavaiza kasikiliza mpaka mwisho halafu kaniambia nikatafute topiki nyingine. Kuna aliyepitia hii humu?

---

Marahaba mdogo wangu. Supavaiza hajakuonea. Kufanya utafiti kwenye jela za England na Wales lazima upite kamati ya utafiti ya HMPPS (idara ya serikali inayosimamia magereza), na kazi za digrii ya kwanza huwa hawazipi nafasi. Ungejaza mafomu mpaka Pasaka ifike huna hata ukurasa mmoja.

Tena nani kakwambia lazima uhoji mtu? Ingia data.police.uk, pale kuna rekodi za watu waliosimamishwa na kupekuliwa na polisi, unashusha bure mwezi kwa mwezi, na kila rekodi inaonyesha sheria iliyotumika, kilichokuwa kinatafutwa, matokeo, asili ya mtu alivyojitaja mwenyewe na vilevile askari alivyomwona. Hapo pa asili ndo pana utamu! Linganisha hizo safu mbili uone zinapopishana na wapi pameachwa wazi. Halafu linganisha upekuzi wa kifungu cha 1 cha PACE ya 1984 (sheria ya mamlaka ya polisi na ushahidi), ambako askari anatakiwa awe na sababu ya kukushuku, na kifungu cha 60 cha Criminal Justice and Public Order Act ya 1994, ambako hiyo sababu haihitajiki kabisa. Ila Mtanzania na Mnigeria wote wanaingia "Black African", kwa hiyo usiahidi kwenye kichwa cha kazi kwamba utatuzungumzia sisi. Na yule Mswahili wa Mombasa mwenye babu Mhadhrami sijui askari anamweka kapu gani, hiyo peke yake ni sura nzima.

Na takwimu za uhalifu uliorekodiwa na polisi usizimeze hivihivi, mwaka 2014 zilivuliwa hadhi ya National Statistics (alama ya ubora wa takwimu rasmi) kwa sababu ya uandikishaji mbovu. Ndo maana watu huziweka sambamba na Crime Survey, ile inayouliza wananchi wenyewe yaliyowapata hata kama hawakuripoti.

---

Naongezea kidogo kwa kaka hapo juu. Ukiamua kuhoji watu wetu mtaani, kubadilisha jina hakutoshi, maana ukiandika "dereva wa basi, mzaliwa wa Tanga, ana watoto sita" mji mzima tumeshamjua. Fomu ya ridhaa iwe na Kiswahili pia, na uwaambie KABLA hujawasha rekoda kwamba mtu akitaja mpango wa kumdhuru mwingine hutaweza kuifanya siri. Hiyo kamati ya maadili ya chuo lazima watakuuliza. Na wazee usiwatumie fomu kwa email, nenda nyumbani kwao ukawasomee.